Ubongo Ukivimba Baada ya Ajali: Manitoli, Chumvi Kali au Kufungua Fuvu?

Ndugu wa mgonjwa wakiitwa pembeni na daktari wa wodi ya mahututi, swali linalowatoka kwanza karibu kila mara ni hili: "Dawa ipi ni nzuri zaidi?" Ni swali la haki kabisa. Tatizo ni kwamba ndani yake mna maswali mawili. La kwanza: njia ipi inashusha shinikizo ndani ya fuvu? La pili: njia ipi inamrudisha mtu nyumbani akijitambua, anakula kwa mkono wake, anajua majina ya wanawe? Utafiti wa miaka 30 iliyopita umetufundisha, kwa gharama ya maisha ya watu wengi, kwamba tiba inaweza kufaulu swali la kwanza na kushindwa vibaya la pili. Nimekuwa muuguzi wa wagonjwa mahututi muda wa kutosha kuona jinsi maswali haya yanavyochanganywa. Ndiyo maana hapa naziweka njia hizi bega kwa bega, kwa ajili ya ndugu wanaoombwa kutia saini na kwa tabibu kijana wa hospitali ya wilaya aliye peke yake usiku.

Kwanza tuelewane tunapambana na nini. Fuvu la mtu mzima halipanuki. Ndani yake mna ubongo, damu na maji ya ubongo. Kimoja kikiongezeka na vingine visipopungua, shinikizo linapanda. Alexander Monro wa Edinburgh alilieleza hilo mwaka 1783, na George Kellie akaliongezea ushahidi mwaka 1824. Kwa mtu mzima aliyelala, shinikizo la kawaida ni chini ya milimita 15 za zebaki. Mwongozo wa Brain Trauma Foundation ya Marekani, toleo la 2016, unasema tiba ianze likizidi 22.

Kwa nini namba hiyo ina maana? Damu inaingia kwenye ubongo kwa nguvu inayobaki ukitoa shinikizo la fuvu kwenye presha ya wastani ya mwili. Presha ya wastani ikiwa 80 na shinikizo la fuvu 20, inabaki 60, na hiyo inatosha. Shinikizo likipanda hadi 35, inabaki 45, na ubongo unaanza kufa njaa ya hewa. Sasa angalia upande wa pili wa hesabu hiyo: presha ya mwili ikishuka, matokeo ni yaleyale hata kama ubongo haujavimba zaidi. Mwaka 1993 Randall Chesnut na wenzake walichapisha takwimu za wagonjwa 717 wa Marekani wenye majeraha makali ya kichwa, zikaonyesha kwamba wale ambao presha yao ya juu (namba ya kwanza ya kipimo) iliwahi kushuka chini ya 90 walikufa takriban mara mbili ya wale ambao presha yao haikushuka. Kwa hiyo kabla ya chupa yoyote kutundikwa, hewa ya oksijeni na presha ya damu ndiyo tiba ya kwanza. Kichwa cha kitanda kiinuliwe nyuzi 30, shingo iwe imenyooka, kola isibane mishipa ya shingo, homa ishushwe, mgonjwa alazwe kwa dawa za usingizi ili asipambane na mashine ya kupumulia. Hayo hayana mshindani wa kulinganishwa naye, na hayangoji dawa ghali.

Manitoli na chumvi kali

Manitoli ni ya jamii ya sukari, lakini mwili hauitumii kama chakula. Ikiingia kwenye damu inavuta maji kutoka kwenye ubongo, kisha figo zinayatoa kama mkojo. Nguvu yake inaonekana ndani ya nusu saa hivi na inadumu saa kadhaa. Kipimo chake ni gramu 0.25 hadi 1 kwa kila kilo ya uzito. Kwa mtu wa kilo 60 hiyo ni gramu 15 hadi 60, yaani mililita 75 hadi 300 za dripu ya asilimia 20. Inapita kwenye mshipa wa kawaida wa mkono, bei yake si kubwa, na wahudumu wengi wameizoea.

Jambo moja la mikono ambalo halistahili kupuuzwa: ishike chupa juu kwenye mwanga kabla ya kuitundika. Ikiwa imekaa mahali pa baridi, iwe stoo yenye kiyoyozi au hospitali ya nyanda za juu mwezi wa Julai, utaona vipande vinavyometameta vimetuama chini kama chumvi ya mawe. Hiyo ni manitoli iliyoganda. Chupa inalowekwa kwenye maji ya moto na kutikiswa mpaka vipande viyeyuke vyote, inaachwa ipoe hadi joto la mwili, halafu inapitishwa kwenye mrija wenye chujio. Ukiitundika vilevile, unampa mgonjwa dawa pungufu na kuhatarisha mishipa yake.

Udhaifu wa manitoli ni uleule unaoifanya ifanye kazi: inakojolesha. Mpira wa mkojo ni lazima, na maji yanayotoka yafidiwe, la sivyo presha inashuka na ile hesabu ya hapo juu inatugeuka. Majeruhi wa pikipiki mara nyingi haji na kichwa peke yake. Paja limevunjika, au ini linavuja damu tumboni na bado hakuna aliyegundua. Kumkojolesha mtu anayevuja damu ni hatari. Figo mbovu nazo zinaifungia manitoli mlango.

Chumvi kali ni maji ya chumvi yaliyozidi ile dripu ya kawaida ya asilimia 0.9: kuna ya asilimia 3, kuna ya 7.5, hata ya 23.4. Si wazo jipya. Mwaka 1919 Weed na McKibben, watafiti wa Marekani, waliwachoma paka maji makali ya chumvi kwenye mshipa na kuona ubongo ukisinyaa. Inavuta maji kama manitoli, ila badala ya kuyakimbiza kwenye mkojo mara moja inayaweka kwanza kwenye mishipa ya damu, kwa hiyo presha inasimama au hata inapanda kidogo. Kwa majeruhi aliyepoteza damu, hiyo ni tofauti kubwa.

Udhaifu wake uko maabara. Sodiamu ya damu inatakiwa ipimwe mara kadhaa kwa siku, na kama mashine haina vitendanishi au majibu yanarudi kesho yake, unamwaga chumvi gizani. Kwa mtu ambaye sodiamu yake ilikuwa chini kwa muda mrefu, kwa mfano mlevi wa miaka mingi au mwenye ugonjwa wa ini, kuipandisha haraka kunaweza kuharibu shina la ubongo. Ya asilimia 3 inaweza kupita kwenye mshipa mkubwa wa mkono. Zile kali zaidi zinahitaji mrija wa mshipa mkuu.

Ipi inashinda? Kwenye kushusha shinikizo zinakaribiana sana, na baadhi ya majaribio madogo yameipa chumvi nafasi kidogo mbele. Kwenye vifo na ulemavu, majaribio yaliyozishindanisha moja kwa moja kwa majeruhi wa kichwa ukiyajumlisha hayafiki hata wagonjwa 300, na hayajaonyesha mshindi. Wafaransa walijaribu jambo la karibu na hilo: kuwapa majeruhi chumvi ya asilimia 20 mfululizo tangu mwanzo, bila kungoja shinikizo lipande. Utafiti huo, uliochapishwa mwaka 2021, ulikuwa na wagonjwa 370 katika wodi 9 za mahututi. Baada ya miezi 6 hali ya waliopewa haikuwa bora kuliko ya wenzao. Kwa hiyo chumvi haitolewi kama kinga, na manitoli vivyo hivyo.

Msimamo wangu ni huu. Presha iko chini, au kuna hofu ya damu kuvuja mahali pengine: chumvi ya asilimia 3. Presha ni nzuri, figo zinafanya kazi, na sodiamu haiwezi kupimwa leo: manitoli, na maji yafidiwe. Mboni moja imepanuka ghafla, haishtuki kwa mwanga, na gari la wagonjwa linawashwa kwenda hospitali ya rufaa: iliyo karibu na mkono, sasa hivi. Dakika 20 za kutafuta chupa bora zitamgharimu kuliko tofauti yoyote iliyopo kati ya chupa hizo. Na anayesindikiza ajue kwamba dawa hizi zinatoa nafasi ya saa chache tu. Haziondoi damu iliyoganda inayousukuma ubongo.

Kupima kwa waya au kwa macho

Hospitali zenye uwezo zinapitisha waya mwembamba ndani ya fuvu unaosoma shinikizo saa zote. Hospitali nyingi za kwetu hazina. Ndugu wakisikia hivyo huingiwa na hofu kwamba mgonjwa wao anatibiwa kwa kubahatisha.

Chesnut, yuleyule wa 1993, alilipima jambo hili Bolivia na Ecuador. Wagonjwa 324 waligawanywa kwa kura: wengine walitibiwa kwa kufuata waya, wengine kwa kufuata uchunguzi wa mwili na picha za CT. Matokeo yalitoka mwaka 2012. Baada ya miezi 6 walikuwa wamefariki asilimia 39 ya wenye waya na asilimia 41 ya wasio na waya, tofauti ambayo kitakwimu haina uzito.

Wapo wanaousoma utafiti huu kama ruhusa ya kukaa mikono mitupu. Sivyo. Wale wasio na waya walikuwa kwenye wodi ya mahututi, wakikaguliwa mboni na fahamu tena na tena, wakipigwa picha za CT kwa ratiba, wakipewa dawa za kupunguza uvimbe kwa utaratibu ulioandikwa. Kilicholinganishwa ni njia mbili za kufuatilia, na zote zilikuwa za karibu sana. Kwa hiyo ukiwa ndugu, usihangaike kuuliza kama kuna waya. Uliza mgonjwa anakaguliwa mboni na kiwango cha fahamu kila baada ya muda gani, na nani anaandika. Kipimo cha Glasgow, kilichobuniwa na Teasdale na Jennett mwaka 1974, kinahitaji sauti na kidole cha muuguzi; mboni zinahitaji tochi. Kinaanzia 3 hadi 15. 8 kushuka chini ni jeraha kali. Kushuka kwa alama 2 ndani ya saa chache ni habari ya kumwamsha daktari.

Zilizoshusha shinikizo zikamwangusha mgonjwa

Steroidi zinapunguza vizuri uvimbe unaozunguka saratani ya ubongo. Ikadhaniwa kwa miaka mingi kwamba zitafanya hivyohivyo kwa majeruhi. Utafiti wa CRASH ukaandikisha wagonjwa 10,008 kutoka nchi 49, nusu wakapewa methiliprednisoloni, aina ya steroidi, kwa saa 48 na nusu dripu isiyo na dawa. Ndani ya wiki 2 walifariki asilimia 21.1 ya waliopewa steroidi, dhidi ya asilimia 17.9 ya wasiopewa. Hayo yalichapishwa mwaka 2004. Ni watu 3 zaidi katika kila 100, na dawa hiyo ilikuwa ikitolewa kwa nia njema duniani kote. Mtu akitaka kumchoma ndugu yako sindano ya steroidi kwa sababu ya uvimbe wa ajali, una haki ya kuuliza kwa heshima: "Daktari, kuna sababu nyingine tofauti na ajali?"

Kupoza mwili, yaani kuushusha joto, ni kisa kilekile. Utafiti wa Eurotherm3235 wa mwaka 2015 uliwashusha wagonjwa joto hadi nyuzi 32 mpaka 35. Shinikizo lilishuka kweli. Lakini waliopata nafuu ya maana walikuwa asilimia 26, wakati wale waliotibiwa kwa kawaida walikuwa asilimia 37, na utafiti ukasimamishwa kabla ya wakati wake. Kumpumulisha mgonjwa haraka kwa mashine nako kunashusha shinikizo kwa kubana mishipa ya ubongo, na kwa kuibana kunaunyima ubongo damu. Kunafaa kwa dakika chache za hatari, si kwa siku nzima.

Asidi ya tranekisamiki iko kundi tofauti, kwani inazuia kuvuja damu na haigusi uvimbe wenyewe. Utafiti wa CRASH-3 wa mwaka 2019, wenye wagonjwa 12,737, ilionyesha nafuu kwa wenye jeraha dogo na la kati waliopewa ndani ya saa 3. Kwa waliokuwa tayari mahututi kabisa haikuonekana faida. Ni dawa ya mapokezi, na saa yake ikipita imepita.

Kufungua fuvu au kuendelea na dawa

Hapa ndipo familia zinapoachwa na mzigo mzito kuliko wote, kwa hiyo twende taratibu.

Tutenganishe kwanza mambo mawili. Kama picha inaonyesha bonge la damu linalousukuma ubongo, kulitoa si suala la kulinganisha. Damu iliyokusanyika kati ya fuvu na utando wa nje wa ubongo ikizidi mililita 30, mwongozo unasema itolewe hata kama mgonjwa bado anaongea. Ninachozungumzia ni ubongo wenyewe kuvimba, dawa zimeshatumika na shinikizo halishuki. Daktari anapendekeza kuondoa kipande kikubwa cha fuvu ili ubongo upate nafasi.

Mazungumzo huwa yanakwenda hivi:

"Mama, tunaomba ruhusa tumfungue kichwa. Dawa zimefika mwisho."
"Akishafunguliwa ataamka, daktari?"

Daktari mkweli hawezi kujibu ndiyo. Anaweza kutumia tafiti mbili.

Ya kwanza ni DECRA, iliyoongozwa kutoka Australia na kuchapishwa mwaka 2011. Wagonjwa 155 walichukuliwa mapema sana, shinikizo likiwa limezidi 20 kwa dakika 15 tu. Upasuaji ulishusha shinikizo na kufupisha siku za wodi ya mahututi. Vifo havikutofautiana: asilimia 19 na 18. Lakini waliokuwa na matokeo mabaya baada ya miezi 6 walikuwa asilimia 70 kwa waliopasuliwa na 51 kwa waliobaki na dawa. Haki itendeke kwa utafiti huo: kundi la upasuaji lilikuwa na wagonjwa wengi zaidi ambao mboni zao hazikushtuka tangu mwanzo, na ukirekebisha hilo pengo linapungua nguvu. Hata hivyo hakuna faida iliyoonekana. Funzo lake ni kwamba kukimbilia kisu mapema, kabla dawa hazijapewa nafasi, hakumsaidii mtu.

Ya pili ni RESCUEicp, iliyoongozwa na Peter Hutchinson wa Cambridge na kuchapishwa mwaka 2016. Hii ndiyo inayofanana na hali ya yule mama. Wagonjwa 408, shinikizo limezidi 25 kwa saa 1 au zaidi, dawa zimejaribiwa zikashindwa. Baada ya miezi 6, katika kila wagonjwa 100:

| Hali | Waliopasuliwa | Walioendelea na dawa |
|---|---|---|
| Wamefariki | 27 | 49 |
| Macho yanafunguka, hawajitambui | 9 | 2 |
| Wanategemea wengine kwa kila siku | 22 | 14 |
| Wanajitegemea nyumbani, nje hawawezi | 15 | 8 |
| Wana ulemavu wa kati, wanajitegemea | 23 | 20 |
| Wamepona vizuri | 4 | 7 |

Soma jedwali hilo polepole. Upasuaji uliokoa watu 22 zaidi katika kila 100. Kati ya hao 22 (namba za jedwali zimekadiriwa, kwa hiyo hesabu inaweza kupishana kwa 1), 6 walibaki bila kujitambua, 8 wakawa wa kuhudumiwa kila siku, na 8 wakaweza angalau kujitegemea nyumbani. Waliopona vizuri kabisa hawakuongezeka. Watafiti pia waliwafuatilia wagonjwa hadi miaka 2, wakaona kwamba waliopasuliwa waliendelea kupata nafuu kadiri muda ulivyokwenda zaidi ya wenzao. Na ijulikane kwamba zaidi ya theluthi ya wale wa kundi la dawa hatimaye walipasuliwa pia, kwa hiyo safu ya kulia si ya dawa tupu.

Kwa kijana ambaye mboni zake zinashtuka, aliyekuwa na dalili za uhai wa ubongo alipofika, na ambaye familia yake ina mtu wa kukaa naye, ningekubali upasuaji, na ningekubali nikijua kwamba huenda namchagulia maisha ya kitandani. Kwa mzee ambaye mboni zote mbili zimepanuka tangu eneo la ajali, ningeomba daktari anieleze waziwazi anatarajia nini, na nisingemlaumu mtoto wake akikataa. Kumuuliza ndugu "unataka aishi au asiishi" ni kumwonea. Kinachopaswa kuulizwa ni hiki: mgonjwa huyu, mnayemjua ninyi, angekubali kuishi vipi?

Mkikubali, ulizeni pia kuhusu mfupa kabla ya kutia saini. Kipande kilichotolewa kinahifadhiwa kwenye friza ya hospitali au kinashonewa chini ya ngozi ya tumbo la mgonjwa mwenyewe, na kinarudishwa baada ya wiki au miezi kwa upasuaji wa pili ambao nao una hatari ya usaha na gharama zake. Ulizeni utarudishwa lini na nani analipa. Mpaka siku hiyo upande ule hauna ulinzi isipokuwa ngozi: asilazwe juu yake, muuguzi wa zamu aandike ukutani juu ya kitanda upande usio na mfupa, na akianza kutembea avae kofia ngumu hata akienda chooni.